Njia ya Kwenda Baharini Haina Kifungu

Mkutano wa mtaa wetu wa pwani, hapa Dar es Salaam, ulikuwa umefika kwenye ajenda ya vipaumbele vya bajeti. Karatasi ya manila ilikuwa imebandikwa ukutani, na ofisa mtendaji alikuwa ameshaandika kwa kalamu nene mambo manne: mifereji ya maji ya mvua, madarasa ya shule ya msingi, taa za barabarani na uzio wa zahanati. Mzee mmoja aliyeketi nyuma, mvuvi wa zamani ambaye wengi wetu humwamkia barazani kwake kila tupitapo, akanyoosha mkono na kuomba iandikwe pia njia ya kwenda baharini. Alieleza kwamba njia waliyoipita yeye na wenzake wakiwa na nyavu mabegani siku hizi inaishia kwenye ukuta, na kwamba wajukuu zake wanalala wakiisikia bahari ambayo hawana pa kuifikia.

"Mzee wangu, nimekuelewa vizuri," mwenyekiti alimjibu kwa upole, "lakini hilo halina kifungu kwenye bajeti."

Hakuna aliyebisha. Ajenda iliyofuata ikasomwa, na karatasi ikabaki na mambo yake manne.

Mwenyekiti hakusema uongo wala hakumdharau mzee, na hilo ndilo lililonifanya nisiweze kuliacha jambo hili kwa wiki kadhaa zilizofuata. Angekuwa amemkejeli, ningekasirika siku moja nikasahau. Alichosema ni kweli tupu: katika mpangilio wa fedha wa mtaa, kata na manispaa, haja ya watu wa kawaida kulifikia eneo la wazi, liwe ufukwe, bustani au uwanja wa mpira, mara nyingi haina mahali pa kuandikwa, na kisichoandikwa hakipati hata shilingi moja.

## Mita 60 na mtu anayetaka kupita

Namba 60 inajulikana na kila anayeishi pwani, kwa kuwa hutajwa kila alama nyekundu ya X ya kubomoa inapochorwa kwenye ukuta wa mtu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari, ukingoni mwa mto au kandokando ya ziwa. Wenzetu wa Mwanza na Bukoba wanaishi chini ya kifungu hichohicho wakiwa na Ziwa Victoria mbele yao.

Kadiri nilivyokisoma kifungu hicho ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hakijibu ombi la mzee wetu. Sheria inalinda ukanda unaokwenda sambamba na maji. Binadamu, hata hivyo, huufikia ukanda huo kwa njia inayotoka barabarani kuelekea majini, na njia hiyo haina budi kupita kati ya viwanja vya watu. Viwanja vikipangwa mfululizo bila kuacha upenyo, ukanda wa mita 60 unageuka kuwa ua wa nyuma wa wale walio mstari wa mbele, wakati wengine wote wanaambiwa, kwa usahihi kabisa, kwamba ufukwe ni wa umma.

Kila mtu anaweza kuwa ametii mita 60, na bado ufukwe ukawa umefungwa.

Upenyo wa namna hiyo, pale wapangaji walipoukumbuka, huwa kwenye mchoro wa mipango miji, pamoja na maeneo ya wazi, viwanja vya michezo na maeneo ya shule. Mchoro ni karatasi. Kiwanja cha mtu kina mwenyewe, ambaye atafuatilia hati, ataonyeshwa mawe ya mipaka, atapanda michongoma na atagombana na jirani akisogezewa mpaka kwa hatua moja. Njia ya waenda kwa miguu haina mtu wa kuigombea. Inategemea ofisi, na ofisi inategemea bajeti, na bajeti, kama tulivyoambiwa, haina kifungu. Baada ya miaka kadhaa hata aliyejenga ukuta anaweza kuwa ameununua uwanja wake kwa nia njema kutoka kwa mtu ambaye naye alikuta njia imeshamezwa.

## Mji uliopangwa na nafasi zake

Dar es Salaam haikukosa nafasi tangu mwanzo. Wajerumani walianzisha Bustani ya Mimea mwaka 1893, na sehemu yake ingalipo karibu na Makumbusho ya Taifa, ingawa imepungua sana. Mpango mkuu wa mwaka 1949 uliacha mikanda ya kijani kufuata mabonde na vijito ili upepo wa bahari uingie mjini. Ukafuatiwa na mipango ya mwaka 1968 na 1979. Ukweli mchungu ni kwamba nafasi nyingi kati ya hizo ziliachwa na wakoloni ili kuwatenga watu kwa rangi. Mnazi Mmoja ilikuwa wazi kwa sababu watawala walitaka uwepo utengano kati ya mitaa ya Wazungu na Wahindi na ile ya Waafrika huko Kariakoo.

Uhuru ulipokuja, ardhi hiyohiyo ikawa uwanja wa wananchi, ukasimamishwa mnara wa Mwenge, na leo mpita njia aliyechoka na joto la Kariakoo hupata kivuli pale bila kuulizwa anatoka wapi. Naiona kuwa mojawapo ya haki kubwa zilizopata kutendeka katika mipango ya jiji hili, japo haisemwi sana.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala kabla ya mahali pa kupumzikia.

## Darasa au bustani

Hapo ndipo shaka iliponishika, na sikutaka kuipita haraka.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipomsimulia habari ya mkutano ule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, wanangu wanabanana wanne kwenye dawati moja, wewe unataka nikuunge mkono fedha ziende kwenye bustani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba pengine mpangilio ule wa manila ulikuwa sahihi, na kwamba ombi la mzee, hata likiwa la haki, lina haki ya kungoja.

Nilijaribu majibu ambayo watu huyatoa. La kwanza ni afya: watu wanaopata pa kutembea na watoto wanaopata pa kukimbia huwa na afya bora. Ni kweli, lakini katika chumba chenye watu wanaodai uzio wa zahanati, afya ya baadaye haishindi afya ya leo. La pili ni utalii na uwekezaji, na hilo naliogopa hata likisemwa na watu wenye nia nzuri, kwa sababu bustani inayotetewa kwa ajili ya wageni mwishowe huwekewa geti kwa ajili ya wageni. La tatu ni uzuri wa jiji. Sina la kusema juu ya hilo. Uzuri ni jambo ninalolipenda, ila singethubutu kuutaja mbele ya dada yangu.

Kilichonigeuza mawazo ni bonde la Jangwani.

Hakuna mkazi wa jiji hili anayehitaji kuelezwa kinachotokea mvua kubwa ikinyesha: Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unajaa, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na wafanyakazi wanavua viatu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Bonde lile lilikuwa mojawapo ya nafasi wazi za mji. Tuliishi humo, tukajenga humo, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ikawekwa humo, kisha maji yakaja kudai mahali pake.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi. Humo kuna kuchimba na kupanua njia ya mto, daraja jipya la Jangwani, kuihamisha karakana, na bustani kubwa ya jiji. Nilipofuatilia mantiki yake niliona kwamba bustani ile haikuongezwa kama pambo baada ya kazi ngumu kumalizika. Ni sehemu ya kazi yenyewe: ardhi inayoweza kukaa chini ya maji kwa siku kadhaa bila kumuua mtu wala kuharibu godoro la mtu, na siku nyingine zote ikatumika na watoto. Tunalipa kwa dola, na kwa mkopo utakaolipwa na wanafunzi wa dada yangu, ili turudishe nafasi ambayo kuilinda kungegharimu mawe ya mipaka na mlinzi.

Nilirudi kwa dada na hoja hiyo. Alifikiri kidogo akasema, "Basi usiliombee kifungu kipya. Liandikeni kwenye mifereji."

Ushauri huo ni wa thamani kuliko yote niliyoyasoma.

Maji ya mvua ya mitaa ya pwani lazima yafike baharini, na ili yafike lazima pawepo ukanda wa ardhi wa umma kutoka barabarani hadi ufukweni. Mahali mfereji unapopita, mtu naye anaweza kupita, kama aliyesanifu alikumbuka kuacha mita mbili za kando, mfuniko wa zege na ngazi mwishoni. Mifereji ilikuwa jambo la kwanza kwenye karatasi yetu ya manila. Vivyo hivyo, uwanja wa wazi ulio sehemu ya chini ya mtaa unaweza kuchimbwa kidogo upokee maji kwa saa chache kabla hayajaingia majumbani, na uwanja wa shule ukazungushiwa miti badala ya kuachwa vumbi. Njia hii ina hatari zake, kwa kuwa mhandisi wa mifereji atajali maji kwanza na watu baadaye, na mfereji usiosafishwa ni mahali pabaya pa kumpitisha mtoto. Hata hivyo, ni afadhali kugombea upana wa mfereji ulio ndani ya bajeti kuliko kugombea njia isiyokuwemo.

## Nani atafagia?

Kuna jambo ambalo wapangaji wetu hulipita kwa haraka, nami ningependa tulikalie.

Fedha za kujenga hupatikana. Mradi wa DMDP, yaani wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, ulioanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 mwaka 2015 uliwekeza katika barabara na mifereji ya Ilala, Kinondoni na Temeke, na matokeo yake yanaonekana. Lakini mkopo wa ujenzi haumlipi mfagiaji. Siku mkandarasi anapokabidhi kazi, gharama ya mlinzi, mfagiaji, maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi, umeme wa taa na uzoaji wa taka inahamia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo tayari yanagombaniwa: kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuna madarasa, kuna vituo vya afya, kuna posho za vikao. Bustani ikikosa mwagiliaji miezi miwili ya jua kali, miche inakufa. Ikikosa taa, wanawake wanaacha kupita jioni. Kisha mtu anasema kwamba wananchi hawaijali, na eneo linaanza kuonekana kana kwamba linasubiri mwekezaji.

Choo nakitaja peke yake. Mipango mingi ninayoiona inaanza na lango na vigae na kumalizia na choo, wakati kwa mama aliyekuja na watoto watatu kutoka Mbagala kwa daladala, au kwa mama lishe anayesimama ufukweni kutwa nzima, choo chenye maji ndicho kinachoamua kama eneo lile ni lake au si lake. Wanaume tunaweza kukaa muda mrefu bila kuliona hilo. Choo kinahitaji mtu wa kukitunza kila siku, si fundi wa kukijenga mara moja, na ndiyo maana hukosekana.

Ningeomba madiwani wetu wakubaliane jambo dogo: mchoro wa bustani, uwanja au njia ya ufukweni usipitishwe na baraza mpaka ukurasa uleule uonyeshe gharama ya kuutunza kwa mwezi na chanzo cha fedha hizo. Mradi usioweza kuonyesha hivyo upunguzwe mpaka uweze. Napendelea miti ya mivinje, mabenchi ya zege na choo kimoja kinachofanya kazi kuliko chemchemi ya maji iliyokauka.

## Geti na kiingilio

Halmashauri iliyobanwa itatafuta mapato, na hapo ndipo wazo la kiingilio huzaliwa. Naelewa linatoka wapi, na ninalipinga.

Nendeni Coco Beach Jumapili jioni. Familia zinatoka mbali, watoto wamevalishwa nguo zao nzuri, mihogo inakaangwa, madafu yanakatwa, vijana wanacheza mpira mahali maji yalipopwa. Watu hawa wameshalipa nauli. Kiingilio cha shilingi 1,000 kwa kila kichwa, ambacho kwenye kikao cha fedha kitaonekana kuwa si kitu, kinaichukulia familia ya watu sita shilingi 6,000 kabla hata ya sahani ya kwanza ya mihogo. Wengi hawatalalamika. Hawatakuja tu, na takwimu za makusanyo hazitaonyesha waliobaki nyumbani.

Mapato yapo bila kumtoza anayekuja kukaa mchangani. Anayekuja na gari anaweza kulipia maegesho. Anayefanya biashara kwenye kibanda kilichojengwa na manispaa anaweza kulipa kodi ya kibanda, ilimradi kodi hiyo ipangwe kwa kipimo cha muuza mihogo na si cha mgahawa wa kifahari, kwani wafanyabiashara hawa ndio macho ya ufukwe. Wanajua nani amepotea, nani anazama, nani ni mwizi. Ugumu ni kwamba fedha inayokusanywa ufukweni huingia kwenye mfuko wa jumla wa halmashauri pamoja na nyingine zote, na haina jina tena. Baraza linaweza kuamua, kwa mstari wa matumizi ulioandikwa wazi, kwamba kiasi fulani kirudi kwenye eneo lilikotoka, na taarifa ya makusanyo na matumizi ya eneo hilo ikasomwa kwenye mkutano wa mtaa kila robo mwaka kama zisomwavyo nyingine. Bila hivyo, hata kodi ya haki itaonekana kuwa ni ya kuwanyonya wauza mihogo.

## Kabla ya karatasi kuondoka mtaani

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini yanayoamuliwa huamuliwa mapema zaidi. Vipaumbele hutoka kwenye mitaa, vikaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata, vikafika baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka, kisha mkoani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na bungeni. Anayekumbuka njia ya ufukweni mwezi Mei, wakati bajeti inajadiliwa Dodoma, amechelewa mwaka mzima.

Kwa mtaa wetu nimeandika maombi mawili tu. La kwanza ni kwamba mfereji ulioorodheshwa usanifiwe ukiwa na njia ya miguu hadi ufukweni. La pili ni kwamba maeneo yote ya wazi yaliyomo kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo letu yawekewe mawe ya mipaka na kibao chenye namba ya mchoro, kazi ambayo ni ndogo kwa gharama kuliko karibu kila kitu kingine kwenye ile manila, na ambayo inapaswa kutangulia ujenzi wowote.

Limebaki suala la ukuta, na jibu lake liko kwenye mchoro huohuo. Kama njia ya wavuvi ilichorwa, basi ukuta umesimama juu ya ardhi ya umma na manispaa ina wajibu wa kuufungua, na gharama yake ni ya kuvunja na kusafisha. Kama haikuchorwa kamwe, ardhi italazimika kutwaliwa kwa kulipa fidia, na kwa bei za viwanja vya ufukweni fidia hiyo itapambana kwelikweli na madarasa. Katika hali hiyo ya pili nitamuunga mkono dada yangu, fedha ziende shuleni, na nguvu zetu zote tuzielekeze kwenye upana wa mfereji.

Barua ya kuomba kuuona mchoro imeshapelekwa kwa ofisa mipango miji kupitia kwa mtendaji wa kata. Walio kwenye mitaa mingine ya pwani, na walio karibu na kiwanja chochote ambacho watoto wanakiita uwanja wetu, waandike yao sasa, kabla Kamati ya Maendeleo ya Kata haijakaa.